Maswali ya Wasomaji: Babu Hakurudi kutoka Burma

Babu yetu mzaa mama aliingia Keya (jeshi la King's African Rifles) mwaka 1942, akapelekwa Burma, hakurudi. Barua ya taarifa ya kifo imeliwa na mchwa. Nimemtafuta kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, hayupo. Je, hakuandikwa? – Mjukuu, Songea

Poleni. Huenda yumo, ila jina liliandikwa jinsi karani alivyolisikia. L na R hupishana, H hudondoka, irabu ya mwisho hukatwa: Rajabu anaweza kuwa Rajab au hata Lajabu. Tena askari wengi waliandikishwa kwa jina lao na la baba tu, basi ukitafuta jina la ukoo mnalotumia leo hutampata.

Kwenye fomu ya kutafutia ya tovuti hiyo, jaza nafasi chache. Chagua Vita ya Pili, weka mwaka 1943 hadi 1945, andika jina, kisha rudia kwa kila tahajia unayoweza kufikiria. Wengi hukwama kwenye nafasi ya nchi: huulizwa nchi alikozikwa au jina lake lilikochongwa, wao hujaza Tanganyika. Wewe weka Myanmar, jina la sasa la Burma. Usimfunge kwenye King's African Rifles pekee, maana wazee waliita “Keya” hata vikosi vya madereva, mizinga na matabibu.

Akiwa na kaburi, huenda liko Taukkyan, kaskazini ya Yangon (zamani Rangoon). Wasiojulikana walipolala wamechongwa majina papo hapo, kwenye mnara wa kumbukumbu uitwao Rangoon Memorial, wenye majina karibu 27,000. Lakini si wote walioagwa kwenda mashariki walifika. Meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa, ilizamishwa na manowari ya Japani tarehe 12 Februari 1944, na wapiga mizinga wa Afrika Mashariki waliozama nayo wanakumbukwa Nairobi, kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road. Kwa hiyo tafuta Kenya pia.

Ukimpata, nakili namba yake ya jeshi kabla ya yote. Tahajia hubadilika kutoka daftari hadi daftari, namba ndiyo itakayokuthibitishia kuwa ni yeye. Tarehe ya kifo nayo inyakue: familia nyingi zimesoma khitma au misa miaka yote bila kuijua.

Babu yangu mkubwa alikuwa mpagazi wa Waingereza, akafia vitani 1917. Jina lake liko wapi? – Msomaji, Machakos

Kwa uchungu tunasema: huenda halijachongwa popote. Sanamu ya kumbukumbu ya Vita ya Kwanza iliyoko Nairobi inamwonyesha mpagazi kando ya askari, lakini haina orodha ya majina. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Dhuluma hiyo haijafutika kwa kukiriwa.

Wahini wazee walio hai. Andikeni jina lake na la baba yake, ukoo, kijiji, chifu aliyewatoa watu, na majina ya waliochukuliwa naye. Hao wenzake ni muhimu, kwani mmoja wao akionekana kwenye karatasi yoyote, mmepata pa kuanzia. Pelekeni nakala kwa Tume, nanyi mchonge jina lake kwenye jiwe la familia bila kumngoja mtu.

Medali ya babu ya Vita ya Kwanza imekuwa nyeusi. Tuisafishe na nini? – Msomaji, Tanga

Msiisugue. Medali ya fedha ya vita ile huwa imepigwa namba, jina na kikosi ukingoni, na dawa ya kung'arishia hula herufi hizo kidogo kidogo. Pangusa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, upige picha ukingo mzima ukimulika tochi kutoka ubavuni, herufi zitajitokeza. Mfuko wa plastiki laini wa PVC na mpira wa kufungia noti viwe mbali nayo, vyote huharibu metali. Medali za Uingereza za Vita ya Pili kwa kawaida hazina jina, kwa hiyo ukingo mtupu usiwatie shaka.