Usizamishe miche ya vitunguu kwenye dozi iliyozidishwa: yaliyonikuta Mpwapwa

Ndugu yangu wa Kondoa, usichanganye hiyo dawa leo. Umeandika kwamba thripsi, wale wadudu wadogo wa majani, wamekushinda kitaluni, kwamba muuza pembejeo amekushauri uchanganye dawa ya wadudu na ya ukungu kwa dozi mara tatu ya ile ya kwenye kibandiko, kisha uloweke mizizi ya miche usiku kucha kabla ya kuihamishia shambani. Ukauliza pia kama mbegu utakazovuna baadaye zitakuwa salama.

Ushauri huohuo nilipewa mwaka 2019 nikiwa na miche ya ekari moja, iliyotokana na kilo tatu za mbegu ambazo nilizinunua kwa fedha za kuuza mbuzi. Niliuamini kwa sababu aliyenipa alikuwa amevaa koti jeupe nyuma ya meza ya duka. Niliichovya miche jioni, nikaitoa alfajiri, tukaipanda siku nzima mimi na mke wangu pamoja na vibarua sita. Kwa siku tano ilionekana imesimama vizuri. Wiki ya pili majani yalianza kuwa ya njano kuanzia nchani, na nilipomwagilia zaidi nikidhani ni kiu, hali ikawa mbaya zaidi. Nilipong'oa mche mmoja sikuona mzizi mpya hata mmoja, bali vishina vifupi vya kahawia ambavyo ncha zake zilikuwa zimevimba kama vichwa vya njiti za kiberiti.

Binti wa kaka yangu, aliyekuwa akisoma biolojia chuoni Dodoma, alichukua ncha chache za mizizi ile na nyingine kutoka kwa miche michache niliyokuwa nimeisahau kitaluni bila kuichovya. Alizilainisha kwa asidi, akazipaka rangi, akazikandamiza kwenye kioo na kunionyesha kwa hadubini. Kwenye mizizi mizima kromosomu, yaani vifurushi vya vinasaba ndani ya seli, zilikuwa zimejipanga na kugawanyika pande mbili sawasawa. Kwenye mizizi niliyoichovya, baadhi ya kromosomu zilikuwa zimenata pamoja, nyingine zimevutika kama daraja kati ya pande mbili na kukatika katikati, na vipande vilivyobaki nyuma vilikuwa vimejifungia katika viini vidogo pembeni ya kiini kikubwa cha seli. Seli zilizokuwa bado zinagawanyika zilikuwa chache mno.

Alinieleza hivi, na nimeyashika mpaka leo. Urefu wa mzizi unatokana na sehemu ndogo ya milimita chache nchani, ambako seli hunakili DNA yake, ule uzi wa vinasaba, na kugawanyika muda wote, na hapo ndipo sumu hupata nafasi. Ziko dawa zinazoharibu uzi wa DNA moja kwa moja, na ziko zinazoifanya seli itoe oksijeni kali ambayo huukata uzi huo. Nyingine huzivuruga nyuzi zinazovuta kromosomu wakati wa mgawanyo. Dawa yangu ya ukungu ilikuwa ya kabendazimu, ambayo huua ukungu kwa kushika protini inayojenga nyuzi hizo, na ikizidi sana hata mmea wenyewe huguswa. Seli inapoona uharibifu husimamisha mgawanyo ili ijitengeneze, na uharibifu ukizidi uwezo wake hufa. Usiku mmoja ndani ya dozi mara tatu uliipa miche yangu yote hayo kwa pamoja.

Tena umechagua zao ambalo ni shahidi mkuu wa jambo hili. Mwaka 1938 Albert Levan wa Uswidi alieleza kipimo cha mizizi ya kitunguu, na maabara nyingi duniani zimekitumia kupima kemikali zinazoharibu vinasaba, kwa kuwa kitunguu kina kromosomu 16 tu na ni kubwa kiasi cha kuonekana waziwazi. Kile ambacho wataalamu hukifanya kwa makusudi kwenye glasi, muuzaji wako anataka ukifanye kwenye ekari nzima kwa gharama yako.

Nina hasira na watu wa namna hiyo. Aliyeniuzia mimi hakufungua hata karatasi iliyobandikwa kwenye chupa, na niliporudi kumlalamikia alisema udongo wangu una chumvi. Miche ambayo sikuichovya ilipandwa katika udongo uleule na ikatoa vitunguu. Majirani waliocheka kwamba nimeloga shamba langu mwenyewe nawaambia wasome vibandiko vyao kabla hawajamaliza kucheka.

Kuhusu mbegu, kilichovunjika kwenye mzizi hakipandi hadi kwenye ua. Hata hivyo mmea hautengi seli za uzazi mapema kama mnyama anavyofanya. Shina la maua huchomoza kutoka ncha ileile inayotoa majani, kwa hiyo badiliko la DNA likitokea hapo, au kwenye chavua inapoumbika, linaweza kuingia kwenye mbegu. Ndiyo sababu nakusihi usizidishe dozi hata unapopuliza juu.

Kipimo ni kile cha kwenye kibandiko, bila kuongeza hata kifuniko kimoja. Thripsi wasipokufa kwa dozi sahihi, badilisha kundi la dawa, yaani chukua inayoua kwa njia nyingine, maana wadudu waliokwisha kuwa sugu hawatishwi na wingi wake, na puliza jioni ukilenga makutano ya majani wanakojificha. Kama umekwisha kuichovya baadhi ya miche, usiipande yote. Chukua mitano, ioshe, ipande kwenye kopo lenye mchanga safi pamoja na mitano ambayo haikuguswa, kisha baada ya siku tano ichimbue na uweke hapa picha ya ncha za mizizi ya pande zote mbili.