Sindano ya kiuno kila Ijumaa, na familia inayoogopa mofini

SWALI: Asalaam aleikum daktari. Mimi ni hamali soko la Kongowea, miaka 38. Mwezi wa kwanza nilikuwa nashusha gunia la viazi kwa lori nikaskia kiuno kimefanya tap, nikashindwa hata kunyooka. Nilidungwa sindano nikapata nafuu lakini ni miezi minane sasa hakijaniacha. Kila Ijumaa nikitoka msikitini napitia kemisti nadungwa, katikati ya wiki napewa vidonge kwa bahasha, cha njano, cha pinki na cheupe, sijui ni vya nini ila vyatuliza. Sai tumbo laniwaka usiku. Eksrei wamesema haina kitu. Nibadilishe sindano ama niende hijama, nikaumikwe?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu, pole sana. Naanza na tumbo sababu hilo ndo lanitia wasiwasi kuliko kiuno. Sindano ya kiuno ya kemisti mara nyingi huwa diklofenaki, na kwenye zile bahasha mara nyingi pia mna diklofenaki hiyohiyo ama nduguye ibuprofeni, kwa hivyo yawezekana watumia dawa moja mara mbili bila kujua. Watu wadhani sindano haidhuru tumbo kwa vile haikupitia mdomoni. Si kweli. Dawa hizi huzuia kemikali inayoleta uvimbe na maumivu, lakini kemikali hiyohiyo ndo inayolinda ukuta wa tumbo na kusaidia figo zipate damu, sasa hata udungwe matakoni tumbo laumia vilevile, na presha yaweza kupanda. Ukiona choo cheusi kama lami ama ukitapika damu usingoje kukuche, nenda hospitali. Kuanzia leo sindano wacha, vile vidonge vya bahasha pia wacha mpaka daktari aviangalie, mpelekee wiki hii na umwambie hilo tumbo. Na siku nyengine ukipewa dawa mwambie wa kemisti akuandikie jina, ni haki yako, asipotaka nenda kwengine.

Sasa kiuno. Siku ile ya kwanza dawa ilikuwa na kazi yake, nyama zimevutika, mwili wataka utulie kidogo, na maumivu mapya ya mgongo mengi hupungua ndani ya wiki chache. Yakipita miezi mitatu twayaita maumivu sugu na hayo ni mambo mengine kabisa. Mara nyingi palipoumia pashapona kitambo ila mishipa ya fahamu na ubongo vimebaki na wasiwasi, kama askari wa geti aliyeibiwa usiku mmoja, tangu siku hiyo hata mwenye nyumba akirudi ampigia firimbi. Maumivu ni ya kweli, hujayazua, na mtu asikwambie wajifanya eti sababu eksrei iko sawa, eksrei yaonyesha mifupa, haionyeshi mshipa uliochachamaa.

Huyo askari hatulizwi kwa sindano, atulizwa kwa kuzoeshwa mwendo polepole. Nimewaona mahamali wengi wafanya hivi: kiuno kikiwa poa wabeba gunia arobaini wafidie siku walizolala, kesho yake hawainuki, walala siku mbili, wakiamka tena ni arobaini. Hapo ndo mnapojimaliza. Chagua idadi unayoiweza hata siku mbaya, tuseme kumi, ubebe hizohizo siku nzuri na siku mbaya, afu uongeze mbili kila wiki hata kama wajiskia simba. Najua walipwa kwa gunia na siku usiyobeba nyumbani hakupikwi, ndo maana nakwambia ongea na wenzako yale mazito myabebe wawili wawili kwa miezi hii. Jioni tembea, shuka mpaka daraja la Nyali urudi, na usilale mchana kutwa. Omba fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akuonyeshe mazoezi ya tumbo na makalio. Kukanda maji moto ni sawa. Hijama ukipenda fanya, lakini wembe uwe mpya ufunguliwe ukiona, na usitegemee itaondoa miezi minane. Kama maumivu yateremka mguuni yakichoma kama pilipili mwambie daktari, kuna amitriptilini, dozi ndogo ya usiku, huwasaidia baadhi ya watu wenye maumivu ya mishipa na usingizi huja pia. Tramadoli, ile dawa kali ya maumivu, ya kupewa na mtu mtaani usiguse.

Na ukishindwa kukojoa, ama ganzi ikikushika katikati ya mapaja, ama mguu ukilegea, hiyo ni hospitali ya Coast General siku hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

SWALI: Daktari, mamangu ana saratani ya mlango wa kizazi, tuko Likoni. Hospitali wamempa mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, lakini majirani wasema atakuwa teja na kwamba hiyo hupewa anayekufa. Baba ampa mama akilia sana tu. – Binti

JIBU: Mwanangu, mpeni leo. Mji wetu mateja tumewazika wengi na hofu yenu naielewa kabisa, lakini mama hatafuti kulewa, atafuta kulala, na mtu mwenye maumivu ya saratani anayepewa mofini kwa kipimo cha daktari ni nadra sana kuwa teja. Na haiharakishi kifo, wengine waitumia miezi mingi. Shida yenu ni kungoja alie. Tangu 1986 Shirika la Afya Duniani lasema dawa ya maumivu ya saratani itolewe kwa saa zilizopangwa, na mofini ya maji huwa ni kila baada ya saa nne, ili maumivu yasipate nafasi ya kurudi. Siku za kwanza atasinzia na kichefuchefu chaweza kumpata, hupungua. Choo kigumu ndo hakiishi, kwa hivyo ombeni dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Kipimo kisipotosha msiongeze wenyewe, pigieni hospitali ama Coast Hospice hapa Mombasa, kazi yao ndo hii na huwafundisha watu wa nyumbani pia. Akiwa hazinduki vizuri ama apumua polepole mno, msimpe tena, mkimbizeni hospitali. Bandika karatasi ukutani, andika saa, kila ukimpa weka alama, baba naye aone. Chupa ifungie kabatini, funguo ukae nayo wewe.