Kayaki ya safari ndefu Pemba: usidanganywe na upana

Ndugu yangu, umeuliza kayaki imara yenye nafasi ya kutoka Mkoani hadi Wete kwa siku kadhaa, na umeshapenda moja yenye upana wa sentimita 75. Hiyo iache. Chombo kipana chenye tako bapa hutulia kwenye maji shwari, lakini wimbi la ubavuni likija hulala nalo, na kwa mwendo mrefu kitakumaliza mabega. Tafuta mita 5 hivi kwa urefu, sentimita 58 hadi 62 kwa upana.

Ijaribu kabla ya kulipa. Kaa ndani, ilaze taratibu mpaka maji yaguse ukingo. Ikikaza na kutaka kurudi yenyewe, hiyo ndiyo. Ikilegea ghafla, mrudishie mwenyewe.

Nafasi nayo usiikadirie kwa macho: nenda na madumu yako uone kama yanapita kwenye matundu ya mifuniko ya vyumba vya mizigo. Kwa jua letu weka lita 4 za maji kwa mtu kwa siku, na yakae chini kabisa, karibu na kiti; vyepesi vipeleke omo na tezi, yaani mbele na nyuma. Hakikisha vyumba vya mbele na nyuma vina kuta zisizopitisha maji. Usukani pia, maana upepo wa kusi ukivuma chombo kirefu hugeuzwa.

Mimi ningechukua plastiki nene badala ya fiberi. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hutoka mbali sana, na utaiburura juu ya matumbawe utake usitake.