Dizeli Kwenye Mark II ya Mwanafunzi: Maswali na Majibu

Maswali mengi ya safari hii yanazunguka jambo moja: familia ina Toyota Mark II GX100, injini yake ya petroli ya 1G-FE imechoka, kijana yuko chuoni, na mtu amewashauri wafunge injini ya dizeli. Tumeanza na swali la pesa, maana ndilo linaloamua kama hayo mengine yana haja ya kujibiwa.

Habari za kazi mafundi. Mwanangu anasoma chuo Morogoro na gari linakunywa petroli kupita kiasi. Nikiweka dizeli nitapata nafuu? (Mama, Dodoma)

Salama mama. Chukua daftari kabla hujatoa hata senti. Tuseme sasa gari linakwenda kilomita 10 kwa lita, na likiwa na dizeli litakwenda 13. Kijana akitembea kilomita 30 kwa siku, siku 22 za mwezi, hizo ni kilomita 660: lita 66 za petroli, au karibu lita 51 za dizeli. Umeokoa lita 15. Tukichukua shilingi 3,000 kwa lita kwa mafuta yote mawili, ni 45,000 kwa mwezi. Kazi nzima ikikula milioni nne na nusu, utazirudisha kwa miezi 100. Kijana atakuwa amehitimu na kuajiriwa.

Akiwa mtu wa kwenda na kurudi kilomita 150 kila siku ya masomo, hesabu inageuka: unaokoa kama lita 76 kwa mwezi, na pesa inarudi ndani ya miezi 20 hivi. Weka bei za kwako na kilomita za kwako, njia ni hiyo hiyo.

Kwa gari la safari fupi tunakushauri utengeneze 1G iliyopo. Anza na themostati, valvu inayozuia maji ya kupoza hadi injini ipate joto. Mafundi wengi huing'oa wakidhani wanazuia injini kuchemka, kumbe injini haifiki joto lake na kompyuta inaendelea kumwaga petroli kama vile ni alfajiri. Rudisha themostati, badilisha plagi zote sita na kichujio cha hewa, pima sensa ya oksijeni, kisha inua magurudumu uone kama breki hazishikilii. Dizeli ifikirie pale 1G imekufa kabisa na ungenunua injini nyingine kwa vyovyote. Hapo unalinganisha tofauti ya bei tu, si gharama yote.

Nichukue 2L-T, 2L-TE, 3L au 5L? (Msomaji, Arusha)

Kwa mwanafunzi: 3L, au 5L ukiipata nzima. Zote ni silinda nne. 2L ina sentimita za ujazo 2,446, 3L ina 2,779 na 5L ina 2,986. Herufi T inamaanisha ina tabo, E inamaanisha pampu yake ya dizeli inaongozwa na kompyuta. Japani waliuza Mark II za dizeli zenyewe, LX90 na LX100, zikiwa na 2L-TE, kwa hiyo injini hiyo inakaa humo bila ubishi. Lakini ukinunua 2L-TE bila kompyuta yake, sensa zake na waya zake zote, umenunua chuma. Na silinda hedi ya 2L-T na 2L-TE inajulikana kwa kupasuka ikishachemka.

3L haina tabo wala kompyuta, na vipuri vyake vimejaa kwenye maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, kwa sababu Hiace na Hilux ndizo zilizoisambaza. Haitakimbia kama 1G. Kijana ajue hilo mapema, hasa kwenye kulipita lori.

Kabla ya kulipa, pima kompresheni. Kiwango cha injini nzima ni karibu kilo 32 kwa sentimita mraba, mwisho wa kukubalika ni 20, na silinda zisitofautiane zaidi ya 5. Kisha iwashe ikiwa na maji, kifuniko cha rejeta kikiwa wazi. Mapovu yasiyokoma ni gesi ya silinda inayopenya kwenye maji: gasketi au hedi. Iache hapo hapo.

Shikamooni. Nasoma uhandisi mwaka wa pili. Je, injini ya Hiace inaingia moja kwa moja kwenye GX100? (Mwanafunzi, Dar es Salaam)

Marahaba mdogo wetu. Injini yenyewe inaingia, nafasi ipo, maana ya awali ilikuwa silinda sita kwa mstari. Kinachogoma ni vinavyoizunguka. Sampu (bakuli la oili chini ya injini) na chujio la kufyonzea oili la Hiace vimeumbwa kwa chesi ya Hiace. Chini ya Mark II kuna krosi memba, chuma kinachokatisha chini ya injini. Tafuta sampu, chujio, mikono ya maunti na springi za mbele za LX90 au LX100. Za Chaser na Cresta za LX, ndugu wa Mark II, nazo ni hizo hizo. Usikubali fundi akate krosi memba ili sampu ipite, kwani hiyo ndiyo inayoshikilia usukani na miguu ya mbele.

Giaboksi ya 1G haikutani na mgongo wa injini ya L, yaani hizi 2L, 3L na 5L. Utahitaji giaboksi ya dizeli pamoja na flaiwili na klachi yake. Ya Hiace ina mfumo wa lever wa mbali usiofaa kwenye gari dogo, kwa hiyo chukua ya Hilux isiyo ya difu mbili, au ya LX. Kama gari lilikuwa otomatiki, ongeza pedali ya klachi na silinda zake mbili, ya juu na ya chini. Propela, shafti inayotoka giaboksi kwenda difu, itakatwa au kuongezwa, na lazima ipelekwe kwenye mashine ya kusawazisha. Isiposawazishwa, gari litatetemeka kwenye mwendo wa barabara kuu na kula beringi ya kati.

Kabla ya kuikata propela, angalia sehemu ya spidi. GX100 inasoma spidi kwa sensa ya umeme, Hilux nyingi za zamani zinatumia kebo. Ni rahisi kulitatua giaboksi ikiwa juu ya meza.

Dizeli ikishafungwa, tanki la petroli linafaa? (Msomaji, Mombasa)

Linafaa likifuliwa na kukaushwa. Toa pampu ya petroli iliyo ndani ya tanki na uweke bomba la kawaida lenye chujio, likiishia karibu na sakafu ya tanki. Pampu ya injini ya L hujifyonzea mafuta. Ikisukumiwa presha ya pampu ya petroli, sili ya shafti yake inaweza kupasuka na dizeli ikaingia mahali isipotakiwa. Geji ya mafuta iache ilivyo. Paipu ya kurudishia mafuta tankini iunganishwe, isizibwe, na tanki liachiwe njia ya kupumua. Weka kichujio cha dizeli chenye pampu ya mkono na sehemu ya kutolea maji.

Mdomo wa tanki la petroli ni mwembamba, na bomba la dizeli la kituoni huenda lisiingie. Toa kizuizi cha ndani, kisha andika DIZELI kwa herufi kubwa kwenye kifuniko. Rafiki wa chuoni akiliazima na kujaza petroli, pampu inakosa ulainisho, kwa sababu dizeli ndiyo oili yake.

Kuiwasha mara ya kwanza: piga pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, legeza nati za paipu kwenye nozeli, piga stata sekunde 10 na kupumzika, mpaka dizeli itoke bila upepo. Kaza, washa.

Tumemaliza kufunga, gari linawaka, lakini breki ngumu kama jiwe. (Fundi, Mwanza)

Umefunga alteneta ya petroli, au umeacha mpira wa vakyumu. Busta ya breki, inayousaidia mguu kukanyaga, ilikuwa ikitegemea mvuto wa manifoldi ya petroli. Dizeli haina mvuto huo. Injini ya L ina pampu ya vakyumu nyuma ya alteneta, na pampu hiyo inalishwa oili kwa paipu ndogo na kuirudisha sampu kwa mpira mnene. Vyote viwili viwepo. Mpira wa kurudisha ukiziba, oili itapanda hadi kwenye busta.

Jaribio: injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara tano mpaka iwe ngumu, ishikilie, kisha washa. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, busta inafanya kazi. Isiposhuka, gari lisitoke gereji.

Stata inazungusha vizuri lakini injini haishiki mpaka tuisukume. (Msomaji, Nakuru)

Angalia waya wa selenoidi ya pampu ya dizeli, swichi ya umeme inayofungulia mafuta. Inatakiwa ipate volti 12 swichi ikiwa ON na ibaki nazo wakati wa kupiga stata. Wengi huchukua umeme wa redio, ambao hukatika pale pale stata inapoanza. Ukigusisha waya utasikia "ta!" ndani ya pampu.

Waya ukiwa sawa, fuata hita plagi, zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha. Zipo za volti 6 na za volti 12, na kwa macho zinafanana. Za volti 6 zikipewa 12 moja kwa moja zinaungua zote nne asubuhi moja. Soma namba iliyoandikwa mwilini. Na betri ndogo ya petroli haitoshi, weka N70.

Kwenye gia ya tano injini inalia sana. (Msomaji, Tanga)

Tatizo ni uwiano wa difu. Kwa tairi za 195/65R15, gia ya tano ya 0.85 na difu ya 4.1, mizunguko 3,000 ya injini kwa dakika inakupa kama kilomita 103 kwa saa. Ukiweka difu ya 3.73, mizunguko hiyo hiyo inakupa 113. Dizeli hii haipendi kuishi juu ya 3,500.

Kadi ya gari itakuwaje? (Msomaji, Mbeya)

Kadi inaonyesha namba ya injini, ujazo na aina ya mafuta, na vyote vitatu vinabadilika. Pitia TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) kabla ya kufunga, ukiwa na risiti ya injini na nyaraka za ilikotoka. Kenya anzia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Mjulishe na wakala wa bima.

Mkanda wa taiming nibadilishe lini? (Mwanafunzi, Iringa)

Siku unayofunga injini, pamoja na roli yake, hata muuzaji akiapa kwamba ni mpya. Ukikatika, valvu zinagonga pistoni. Baada ya hapo ni kila kilomita 100,000. Toyota za dizeli zina taa ya T-BELT ya kukumbusha, lakini dashibodi ya GX100 ya petroli haina, kwa hiyo andika kilomita za siku hiyo kwenye karatasi ngumu na uibandike chini ya boneti.