Waliandika ni upepo, lakini nyuzi nilifunga mimi

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 27, nafundisha kaiti, ule mchezo wa kuteleza baharini ukivutwa na tiara kubwa, hapa Paje, Zanzibar. Mwezi wa saba, upepo wa Kusi umeshika kweli, nilimfungia nyuzi kijana wa miaka 19 tuliyekuwa tukimfunza kazi. Wageni walikuwa wananisubiri, nikaharakisha, nikachanganya nyuzi za mbele na za nyuma. Sikuzikagua. Nikaishika kaiti mwenyewe na kuiachia. Ikawa inazunguka tu, ikamburura mchangani mpaka ikambamiza kwenye ukuta wa mawe. Alivunjika paja na nyonga, akapelekwa Dar, akatiwa chuma. Mpaka leo anatembelea magongo. Bosi aliandika ripoti kwamba ni upepo wa ghafla, akanambia nitie saini, nikatia. Kijana mwenyewe anaamini hivyo. Mama yake, huko Makunduchi, kila nikienda ananiombea dua kwa kuwa ni mimi niliyembeba mwanawe hadi kwenye gari. Silali, Shangazi. Nikisema nitafukuzwa, pengine nitashtakiwa. Wenzangu wanasema ajali haina kinga, niachane nayo. Nafikiria kuhamia Dar. Nifanye nini?*

*Mwalimu wa kaiti, Paje*

Marahaba mwanangu.

Hao wanaokwambia ajali haina kinga, wanaijua kazi yenu vizuri kuliko wanavyojifanya. Nimemuuliza mtu aliyeanza mchezo huo zamani. Anasema nyuzi ni za mita 20 na kitu, na mtu akizifuata kwa miguu kutoka mkononi hadi kwenye kaiti, akizitenganisha kwa vidole, hamalizi hata dakika mbili. Anayeishika kaiti naye hutazama upande wake kabla ya kuiachia. Kwa hiyo kinga ilikuwepo, na siku ile ilikuwa zamu yako mara mbili: wewe uliyefunga na wewe uliyeachia. Nakueleza hivi kwa sababu huwezi kwenda kulisema jambo ambalo moyoni bado unaliita bahati mbaya.

Hata hivyo, kwangu mimi zile nyuzi si nzito kama ile saini. Kwenye nyuzi ulikuwa na haraka na wageni wanakuita. Kwenye saini ulikuwa umekaa, umeshajua, na mwenzako kalala hajui.

Sasa fikiri huyo kijana anaishi vipi na hicho mlichomwambia. Amefundishwa kwamba kaiti ikimshinda akifyatue kifyatuo cha dharura, ajitenge nayo. Hakuwahi. Kama ni upepo wa ghafla, basi hesabu inamrudia yeye: kwa nini sikukifyatua, kwa nini mkono uliganda, pengine mimi si mtu wa bahari. Miezi yote hii huenda analala na maswali hayo huku jibu unalo wewe. Ungemwachia uongo usiomgusa, labda ningekuelewa kidogo. Huu unamgusa kila siku. Kama kuna sababu moja ya kukuondoa Paje leo jioni ukapanda gari ya Makunduchi, ni hii.

Uende kwake kwanza, peke yenu. Usianzie kwa mama. Ni mtu mzima wa miaka 19, mguu ni wake na habari ni yake. Usizunguke. Mwambie: "Siku ile nilifunga nyuzi vibaya, za mbele nikaziweka nyuma. Sikukagua. Haukuwa upepo, na wewe hukukosea. Nilijua tangu siku ile, na nikatia saini karatasi ya uongo." Kisha nyamaza. Atauliza, jibu anachouliza. Mwiko wako siku hiyo ni neno "lakini". Lakini wageni walikuwa wengi, lakini bosi alinilazimisha, lakini hata wewe ungeangalia nyuzi zako. Hili la mwisho lina ukweli, mpanda kaiti hukagua zake, ila alikuwa mwanafunzi na wewe mwalimu, alikuamini. Akiligundua mwenyewe sawa, lisitoke kinywani mwako.

Wala usimwombe msamaha akupe papo hapo. Najua umelelewa kama tulivyolelewa sote pwani hii, kwamba haki ya mja iko kwa mja mwenyewe, na utatamani akwambie "nimekusamehe" ili ulale. Ukimbana hivyo utakuwa umempelekea mgonjwa mzigo mwingine wa kukuhudumia wewe. Mwambie unajua umemkosea, unataka radhi yake, na hata akichukua mwaka utangoja. Akikufukuza, toka.

Mama afuate, siku ile ile au kesho yake, kijana akikubali. Hapo usiende peke yako. Mchukue baba yako au mzee yeyote anayeheshimika kwenu, kwa sababu kwake si habari tu unayopeleka, unarudisha dua ulizozipokea bila haki, na huenda akalia, huenda akapiga kelele majirani wakaja. Mzee atajua la kusema wewe ukikosa maneno.

Bosi mwarifu baada ya kijana kujua, bila kumwomba ruhusa. Mwambie saini yako unaifuta, na andika maelezo mapya kwa mkono wako, yenye tarehe, ubaki na nakala. Kabla ya kutia saini karatasi nyingine yoyote, yake au ya mtu wa bima, nenda Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar wakueleze umesimama wapi. Sitakudanganya kwamba hakuna gharama. Kazi inaweza kuondoka, na familia ile ikitaka kudai fidia ina haki ya kudai. Ila usimfanye mwanasheria kuwa kisingizio cha kungoja hadi Kaskazi ivume, msimu upite, mguu uzoeleke.

Na ripoti ile si karatasi ya kabatini tu. Mwaka 2020 shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilitoa kiwango kuhusu vifyatuo vya dharura vya kaiti, namna vinavyopaswa kufanya kazi na kupimwa. Vitu kama hivyo huandikwa kwa sababu mahali fulani watu walikubali kusema nini hasa kilitokea. Huko kwenu kijana wa pili atafungiwa nyuzi na mwalimu mwenye haraka, na kabatini kumeandikwa upepo.

Dar usiende. Ukienda, unamnyima kijana huyo mtu pekee anayeweza kumthibitishia kwamba hakukosea, ambaye ni wewe. Kuhusu kuendelea kufundisha, pumzika mpaka hili liishe, halafu ukirudi tutazungumza. Sioni faida ya mwalimu aliyejifunza kwa gharama hii kuliacha somo, lakini sioni pia mwanafunzi wa kumpa leo hii.

Limebaki la fedha. Chuma, nauli za boti kwenda na kurudi Dar, dawa, mazoezi ya mguu, na mshahara ambao kijana hapati. Kaa na mzee wako mpige hesabu ya unachoweza kutoa kila mwezi bila kukopa, kiwe kidogo lakini kisikatike, kiandikwe, na mzee awe shahidi. Usikitaje siku ya kwanza, isije ikaonekana unanunua kimya. Kipeleke mara ya pili unapokwenda, hata kama bado hajataka kukuona. Mpe mama, au muachie shangazi yake mlangoni.