Inawaka kwako, kwa mteja inakufa

Jana usiku kijana mmoja kaniandikia: "Kaka, programu niliyokompaili kwangu inawaka vizuri, kwa mteja inaandika Illegal instruction halafu inazima. Nimeshabadilisha kompyuta tatu." Maneno hayo mawili ya Kiingereza, yaani prosesa imepewa amri isiyoijua, yaliwahi kuninyima usingizi siku nne.

Nilikuwa nimenunua laptopu yenye prosesa ya nguvu. Kwa tamaa ya kasi nikaandika kwenye .bashrc, faili linalosomwa kila nifunguapo terminali: export CFLAGS="-O3 -march=native". CFLAGS ni flagi, yaani maagizo, kwa kompaila inayogeuza msimbo kuwa programu. Nikasahau. Miezi kadhaa baadaye nikapewa kazi ya kutengeneza pakeji ya programu ya stoo, kwa ofisi iliyojaa kompyuta za Celeron, prosesa za bei nafuu. Skripti ya configure, inayoandaa ujenzi, ikikuta CFLAGS kwenye mazingira (vigeu vya terminali) huichukua na kuiandika ndani ya Makefile, faili la maelekezo ya ujenzi linalosomwa na make, bila kuuliza. Isipoikuta, kwa GCC hutumia -g -O2. Na native ni prosesa ya mashine inayokompaili, si ya mteja. Yangu ilikuwa na AVX2, kundi la amri za ziada za prosesa; Celeron zile hazikuwa nayo. Programu ilipogusa amri ya kwanza ya AVX2, kerneli, kiini cha mfumo endeshi, ikaiua.

Kilichoniuma ni mara ya pili. Nililigundua kosa, nikafuta ule mstari, nikaendesha configure upya, kisha make, nikaenda kifua mbele. Ikafa vilevile! Make hulinganisha saa za mafaili, haijui kwamba flagi zimebadilika, kwa hiyo mafaili ya .o ya zamani (vipande vilivyokwisha kukompailiwa) yaliingia tena kwenye pakeji. Meneja akasema mbele ya wote kwamba kazi hii wangempa mtu anayeijua. Sauti yake naisikia mpaka leo.

Ndugu zangu mnaotaka kazi zenu zitumike nchi nzima, flagi za pakeji zikae kwenye maelekezo ya pakeji, si kwenye .bashrc. Anzeni na make distclean, inayofuta vilivyojengwa, halafu mjenge katika mazingira safi, yasiyobeba CFLAGS ya zamani:

env -i PATH="$PATH" HOME="$HOME" ./configure CFLAGS="-O2 -march=x86-64"

Mazingira safi, narudia. Kwa Makefile zilizotengenezwa na zana ya automake, make V=1 itakuonyesha kila flagi inayofika kwa kompaila; isome, usikisie. Na ukikuta Makefile imeandikwa CFLAGS = -O2, export yako haitasikilizwa; itaje kwenye amri yenyewe ya make.

Wewe kijana, leo andika env | grep FLAGS kabla hujagusa kompyuta ya nne.