Laini ya parachichi, watu 26: nani aamue nini, na je, nimhamishe mchambuaji kiziwi?

SWALI: Mimi ni msimamizi wa zamu kwenye kituo cha kufungashia parachichi wilayani Rungwe. Zamu yangu ina watu 26, wengi wao vibarua wa msimu; wachambuaji ni wanane. Mkaguzi anarudisha maboksi kila siku, mara makovu yamezidi, mara saizi zimechanganyika. Wachambuaji wanawatupia lawama wafungashaji, na wafungashaji wanazirudisha kwa wachambuaji. Mezani nina dada kiziwi, na wenzake wanasema ndiye anayechelewesha mkanda. Nina pia mama anayenyonyesha, wananung'unika kwamba anapendelewa. Kwenye kikao cha kuanza zamu wanaozungumza ni wanaume wawili tu. Sasa mwajiri ameleta mkufunzi anayetaka kila mtu ajaze dodoso la majukumu tisa ya Belbin (aina tisa za mchango wa mtu kwenye timu), halafu nipange kazi kufuatana na majibu. Nifanye hivyo? Na huyu dada nimhamishe?

JIBU: Usimhamishe, ndugu msimamizi. Hadi sasa hakuna aliyempima. Hao wanaosema anachelewesha wamesimama sehemu tofauti za mkanda mmoja, na ugumu wa kazi haulingani kila sehemu. Anayesimama kichwani mwa mkanda anapokea matunda yakiwa yamerundikana, na rijekti nyingi, yaani matunda ya kukataliwa, zinapita mikononi mwake. Wa mwisho anapata yaliyokwisha kuchujwa na wenzake wote. Mtu yeyote ukimwacha kichwani zamu nzima ataonekana mzito, na ukimweka mwishoni ataonekana hodari. Angalia kwanza huyo dada husimama wapi. Mara nyingi mtu asiyeweza kujitetea kwa sauti ndiye anayesukumiwa nafasi ngumu, na yeye mwenyewe hajui kwamba wengine hubadilishana.

Kisha pima, na upime wote kwa kipimo kimoja. Mkaguzi aandae kreti ya majaribio yenye matunda 50: kumi yana kasoro zilizovuka kiwango, matano yana kasoro ndogo zinazoruhusiwa, mengine ni safi. Kila tunda liwe na namba kwenye kistika kidogo, na majibu abaki nayo mkaguzi. Kila mchambuaji aipitie peke yake kwenye meza ya pembeni, mara moja mwanzoni mwa zamu na mara moja baada ya saa nne za kazi. Andika mambo matatu: muda aliotumia, kasoro zilizompita, na matunda mazuri aliyoyatupa. La tatu husahaulika, ilhali linamgharimu mkulima moja kwa moja. Badilisha matunda kila siku, kwa sababu yakishikwashikwa yanapata michubuko na jaribio linaharibika. Fanya hivyo siku tatu. Ikiwa kweli dada anapitwa na kasoro nyingi kuliko wenzake, utajua ni kasoro ya aina gani, na hiyo inafundishika.

Ninachotarajia utakiona ni kwamba wachambuaji wote wanane wanatofautiana kuhusu kovu lipi limezidi. Tatizo hilo haliishi kwa kuhamisha watu. Viwango vya UNECE, Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya, ambavyo wanunuzi wa Ulaya huvitumia sana, vinaruhusu kasoro za ngozi zisizozidi jumla ya sentimita 4 za mraba kwa Daraja la Kwanza, na 6 kwa Daraja la Pili. Ukimwambia mtu "kovu kubwa", kila mmoja ataelewa lake. Kata kipande cha boksi, toboa tundu la mraba la sentimita 2 kwa 2, kining'inize mbele ya kila mchambuaji: makovu yote ya tunda yakienea kwa pamoja ndani ya tundu, limepita kwa Daraja la Kwanza. Kikonyo nacho kiwe kimekatwa vizuri na kisizidi milimita 10, kwa hiyo weka alama ya milimita 10 pembeni mwa kipande hichohicho. Weka pia matunda halisi ya mpaka mezani, moja linalopita na moja lisilopita, na uyabadilishe kila asubuhi. Kifaa hiki kinamfaa dada kiziwi, mzee asiyesoma vizuri, na kibarua aliyeanza jana.

Ugomvi wa saizi una chanzo kingine, na hapo ndipo suala la majukumu linapoingia. Kwa boksi la kilo 4, saizi namba 18 (yaani matunda kama 18 kwa boksi) huchukua tunda la gramu 203 hadi 243, na namba 20 huchukua gramu 184 hadi 217. Tunda la gramu 210 linaingia kote kuwili. Mchambuaji akiliweka 18 yuko sahihi, na mfungashaji akilihamishia 20 yuko sahihi vilevile. Wanagombana wote wakiwa na haki, kwa sababu hakuna aliyepewa mamlaka ya kuamua. Kabla ya kila oda, mtu mmoja atamke mpaka wa zamu hiyo, tuseme kuanzia gramu 210 kwenda juu ni 18, na uandikwe ubaoni.

Kwa hiyo, badala ya kuuliza nani ana tabia gani, jiulize zamu yako ina maamuzi mangapi na kila moja liko mkononi mwa nani. Kwenye laini kama yako naona manne mazito: kupokea au kukataa mzigo mlangoni, kuweka mpaka wa kasoro na saizi, kusimamisha mkanda, na kubadilisha oda katikati ya zamu. Kila uamuzi uwe na jina moja na naibu mmoja, yaandikwe kwa herufi kubwa karibu na saa ya ukutani. Uamuzi wenye wenyewe wawili utakufa siku ambayo kila mmoja anadhani mwenzake ameshashughulika.

Kusimamisha mkanda ni tofauti na mengine: mpe kila mtu mamlaka hayo. Viwanda vya Toyota vilijulikana kwa kamba ambayo mfanyakazi yeyote wa laini huivuta akiona kosa, kiongozi wake anafika, na wasipolimaliza kwa haraka laini inasimama. Kwenu inatosha swichi yenye taa ya njano juu ya meza. Kinachoua utaratibu huu ni msimamizi kufoka mara ya kwanza mtu anaposimamisha mkanda kwa sababu ndogo. Ukifoka mara moja, hatagusa tena hiyo swichi, na wenzake pia hawataigusa. Mshukuru, angalia alichokiona, washa mkanda.

Sasa huyu dada. Kiini cha malalamiko pengine ni hiki: oda inabadilika saa tisa alasiri, mtu anapaza sauti, "Sasa 16 hadi 20 tu!" Wenye kusikia wanapata nusu ya maneno kwa ajili ya feni na kompresa, yeye hapati kitu, na anaendelea na oda ya zamani mpaka mkaguzi afike. Kosa hapo limefanywa na aliyetoa taarifa. Kanuni iwe moja: oda haijabadilika mpaka ubao ubadilike. Ubao uwe mahali ambapo wote mezani wanauona bila kugeuka, namba ziwe na urefu wa sentimita 10 hivi, na taa ya njano iwake kuashiria mabadiliko. Aliyebadilisha apite mezani, amwonyeshe kila mmoja kidole gumba, naye ajibu kwa ishara hiyohiyo. Zoezi zima halimalizi dakika moja.

Chagueni pamoja naye ishara kumi na tano hivi za kazi: simamisha, kovu, jua limeunguza, saizi, boksi limejaa, maji, hatari, mapumziko, na kadhalika. Yeye ndiye afundishe, dakika tano kila kikao, ishara moja au mbili. Msibuni za kwenu iwapo anajua Lugha ya Alama ya Tanzania, tumieni zake. Kwa mkataba, malipo na mafunzo ya usalama, hizo ishara kumi na tano hazitoshi. Hapo anahitajika mkalimani, na mahali pa kuanzia kumtafuta ni CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania. Kumtumia mwenzake "anayemwelewa kidogo" kutafsiri mkataba ni hatari kwa pande zote mbili.

Kwenye usalama usipunguze hata kidogo. King'ora cha moto kiunganishwe na taa inayomweka, mezani na chooni pia. Asimame akitazama njia ya paleti, asiipe mgongo. Ikishindikana, weka kioo cha kona. Kila zamu awe na mwenza aliyetajwa kwa jina, na naibu wake, wa kumgusa bega wakati wa dharura. Mwenza huyo abadilike kila wiki, la sivyo dada atageuka mzigo wa mtu mmoja na urafiki wao utachakaa.

Mwajiri wako ajue pia kwamba Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa msingi wa ulemavu, ujauzito, kabila na mengineyo. Kumwondoa mezani kwa maneno ya wenzake bila kipimo ni kujitafutia kesi.

Kuchoka kwa macho kunakuhusu pia, maana pengine ndiko kunakorudisha maboksi mengi kuliko vyote. Mwanasaikolojia Norman Mackworth alionyesha kwa majaribio aliyoyachapisha mwaka 1948 kwamba mtu anayetazama kitu kimoja akisubiri dosari ndogo huanza kupitwa nazo ndani ya nusu saa ya kwanza. Wachambuaji wako wanane wagawe wawili wawili. Watu sita wawe mezani, wawili wakunje maboksi. Kila baada ya dakika 10 jozi moja itoke na nyingine iingie, na wanaobaki wasogee nafasi moja. Hivyo kila mtu anachambua dakika 30 na kupumzisha macho dakika 10, na suala la nani yuko kichwani mwa mkanda linakwisha lenyewe. Mwanzoni watalalamika kwamba zamu inakatwakatwa. Wape wiki moja, kisha linganisha maboksi yaliyorudishwa.

Kuhusu Belbin. Mtafiti Meredith Belbin aliyapata majukumu yake kwa kutazama timu za mameneja zikishindana katika michezo ya kibiashara huko Henley, Uingereza. Yalianza yakiwa manane, la tisa likaongezwa baadaye. Yanahusu jinsi watu wanavyochangia kwenye kikundi kinachojadili na kuamua, na huko yanaweza kusaidia. Meza ya kuchambua haijadili mkakati. Inahitaji macho, mikono na taarifa iliyofika kwa wakati. Mkufunzi amekwishalipwa, basi mtumie kwa kikundi chako cha viongozi: wewe, mkaguzi, mkuu wa chumba cha ubaridi, mtunza kumbukumbu. Vibarua usiwape dodoso hilo. Maswali yake yanataka usomaji na mazoea ya ofisini, na jibu litakalotoka litageuka jina la utani. Mtu akishaitwa "yule si wa kuamua", hatapewa nafasi ya kujifunza.

Kikao cha wanaume wawili kinatengenezeka kwa kubadili mpangilio. Dakika kumi, wote wamesimama duara ili dada aone midomo na mikono. Usianze kwa "nani ana la kusema?" Swali hilo huwapa nafasi waliokwisha kuizoea. Anza na wa mwisho kwenye laini, mpanga paleti, kwa sababu yeye ndiye anayeona maboksi mabovu kabla ya wote. Muulize jambo moja: jana ulirudishiwa nini? Kisha rudi nyuma kituo kwa kituo hadi mlangoni, mtu mmoja kila kituo, na msemaji wa kituo abadilike kila siku. Wewe uzungumze mwisho. Msimamizi akitangulia kutoa maoni, katika jamii yetu yenye heshima kwa mkubwa, waliobaki watakubaliana naye. Maagizo ya kazi yawe kwa Kiswahili. Mazungumzo ya mezani kwa Kinyakyusa yaachwe huru, ila agizo likitolewa kwa Kinyakyusa, Mndali au Mbena aliye mezani amekwisha kuachwa.

Mama anayenyonyesha hapendelewi. Sheria ya 2004 inampa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi. Manung'uniko yanatoka kwenye hesabu: nafasi yake haina mtu, na wengine wanabeba. Andika saa zake kwenye ratiba, mathalani saa nne asubuhi na saa nane mchana, na umpange mtu wa akiba kwa jina. Pia chunguza motisha yenu. Kama mnalipa kwa idadi ya maboksi ya mtu mmoja mmoja, mmewafundisha wafungashaji kumchukia kila anayehitaji dakika tano. Lipeni motisha ya zamu nzima kwa maboksi yaliyopita ukaguzi, mgawanye kwa saa alizokuwa kazini, na saa za kunyonyesha zihesabiwe kuwa saa za kazi.

Limebaki moja ambalo hukuliuliza. Rungwe mvua ikinyesha magari yanakwama, mzigo unafika jioni, na zamu inavuka saa mbili usiku. Kuanzia saa hiyo hadi saa kumi na mbili alfajiri kisheria ni usiku, na kila saa ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Mjamzito aliyebakiza miezi miwili kujifungua hapaswi kupangwa usiku. Wanawake wakiondoka mapema kwa kuogopa bodaboda za usiku, meza inabaki na watu watano na kila kipimo nilichokupa kinavurugika. Ombeni gari la kurudisha watu siku za mzigo wa jioni, na dereva awe na orodha ya majina na vijiji kabla mkanda haujawashwa.